Mzee Akipaliwa: Mwongozo Kamili wa Kumeza Uzeeni kwa Familia za Mtwara na Lindi

Mzee akianza kukohoa anapokula, nyumba nyingi za Kusini hubadilisha chakula kwanza. Ugali wa muhogo unaachwa, uji unaletwa, samaki anachambuliwa mpaka anakuwa unga. Maji yanabaki vilevile: chupa ya plastiki huku mzee ameinua kidevu, au kikombe anachonyweshwa akiwa ameegemea mto mmoja kitandani. Na mara nyingi kinachompalia ni hayo maji. Yanakwenda kasi, hayashikiki ulimini, yanafika kooni kabla koo halijajiandaa.

Mwongozo huu ni wa anayemhudumia mzee nyumbani, awe Mikindani, Newala, Nachingwea au Kilwa. Kwa Tanzania mzee ni mtu aliyefikisha miaka 60, ila koo halifuati cheti cha kuzaliwa. Yupo wa 85 anayemaliza sahani ya ming'oko, vile viazi vya porini, bila taabu, na yupo wa 62 anayepaliwa na mate yake mwenyewe.

Tonge linapitaje

Weka vidole viwili kwenye kikoromeo chako kisha meza mate. Utasikia kikipanda na kushuka. Katika muda huo mfupi, usiozidi sekunde moja hivi, mambo manne yametokea: ulimi umesukuma tonge nyuma, sehemu laini ya kaakaa imeziba njia ya puani, kikoromeo kimepanda na kufunika njia ya hewa, na mlango wa umio, mrija wa chakula kwenda tumboni, umefunguka. Pumzi imesimama. Baada ya hapo umio unalisukuma tonge mpaka tumboni, kazi ya sekunde 8 hadi 10 au zaidi kidogo.

Njia ya hewa na njia ya chakula zinapishana hapo kooni kama barabara mbili zisizo na askari. Kinachozuia ajali ni wakati tu. Kila kitu kikitokea kwa zamu yake, tonge linapita. Kikoromeo kikichelewa hata nusu sekunde, kitu kinaingia kwenye njia ya hewa, na hapo ndipo mtu anapaliwa.

Uzee unabadilisha nini

Misuli ya ulimi na ya koo hupungua kama ile ya mapaja. Kikoromeo hukaa chini kuliko zamani, hivyo kina safari ndefu zaidi ya kupanda. Ngozi ya ndani ya koo haihisi upesi, kwa hiyo amri ya kumeza huchelewa kutolewa. Mlango wa umio haufunguki kwa upana uleule, na mabaki kidogo hubaki kooni baada ya tonge kupita. Meno yakiwa yameng'oka, chakula huingia kooni kikiwa vipande. Kikohozi nacho, ambacho ndicho mlinzi wa mwisho, hupungua nguvu. Harufu na ladha hufifia, na kiu haisikiki hata mwili ukiwa umekauka.

Ukisoma orodha hiyo utadhani kila mzee lazima apaliwe. Sivyo. Mzee mwenye afya humeza polepole, lakini humeza salama. Kinachoondoka ni akiba. Ni kama ghala lililobaki na magunia machache: mwaka wa mvua nzuri hakuna anayeona upungufu, ila ukija mwaka wa njaa ghala linaonekana sakafu. Njaa hiyo kwa koo ni malaria ya siku tatu, upasuaji, usingizi wa dawa, kulazwa wiki mbili kitandani. Ndiyo maana familia husema "ilianza ghafla" wakati akiba ilikuwa ikipungua kwa miaka.

Kwa hiyo shika tofauti hii, maana maamuzi mengine yote yanaitegemea. Kula polepole ni uzee. Kupaliwa kila siku ni ugonjwa, na una chanzo: kiharusi, ugonjwa wa kutetemeka, kusahau kulikopindukia, uvimbe kooni au kwenye umio, vidonda vya mdomoni, au dawa anazotumia.

Dalili, pamoja na zile zisizo na kelele

Kikohozi wakati wa kula au ndani ya dakika chache baada ya kula kila mtu hukiona. Nyingine hupita bila kutazamwa:

– Sauti inakuwa ya majimaji baada ya kunywa, kama mtu anayesukutua.
– Machozi na makamasi yanatoka akila, ingawa mchuzi hauna pilipili.
– Chakula kinabaki mashavuni. Unakikuta saa moja baadaye.
– Mlo mmoja unachukua zaidi ya dakika 30, au anaacha sahani nusu akisema ameshiba.
– Anaanza kukwepa kitu fulani. Mzee aliyependa chai akiikataa, jiulize kama anaogopa kikombe.
– Homa na kifua vinavyorudi kila baada ya wiki kadhaa, vikitibiwa kama malaria au "baridi".
– Kanga inazunguka kiuno mara mbili. Aliyekuwa na kilo 60 akipungua kilo 3 ndani ya mwezi, au kilo 6 ndani ya miezi sita, hilo si la kusubiri.

Ya hatari zaidi ni mzee asiyekohoa kabisa. Koo lililopoteza hisia linaruhusu maji kuingia mapafuni kimya kimya, hasa baada ya kiharusi. Nyumba inafurahi kwamba mzee ameacha kukohoa, kumbe mlinzi amelala. Hapo dalili inayobaki ni vile vifua vinavyorudi, sauti ya majimaji na kukonda.

Kumpima nyumbani

Kipimo hiki si cha aliyepata kiharusi siku hizi, aliye usingizini au anayesinzia, mwenye homa na kifua kinachobana, wala anayetokwa na mate asiyoweza kuyameza. Hao usiwape kitu mdomoni, wapeleke hospitali.

Anza na mate. Lowesha midomo yake, mkalishe wima, weka vidole kwenye kikoromeo chake kwa upole, mwambie, "Babu, meza mate mara nyingi uwezavyo mpaka nikuambie basi." Hesabu kwa sekunde 30. Kikipanda chini ya mara tatu, koo limechoka. Usiendelee na maji, nenda kwa daktari.

Akifikisha tatu au zaidi, mpe maji safi kijiko cha chai kimoja, ml 5. Ngoja dakika moja, mwambie aseme "aaa", sikiliza sauti. Rudia mara mbili. Hakuna kikohozi wala sauti ya majimaji? Mpe ml 90, yaani vijiko sita vya chakula, kwenye kikombe kipana, anywe mfululizo bila kukatisha. Akikatisha, akikohoa, au sauti ikibadilika ndani ya dakika moja, hajafaulu. Kutofaulu hakusemi ana ugonjwa gani. Kunasema tu kwamba maji matupu si salama kwake mpaka aonwe na mtaalamu. Na kufaulu hakufuti kifua kinachorudi kila mwezi: kifua kikiwepo, hospitali iko palepale.

Mkao: hapa ndipo faida kubwa ilipo

Kabla hujabadilisha chakula, badilisha anavyokaa. Haigharimu kitu na husaidia siku hiyohiyo.

Kiti cha plastiki chenye mgongo kinatosha. Makalio yafike nyuma kabisa, mgongo wima, nyayo zikanyage chini. Miguu ikining'inia, weka tofali au kigoda. Kidevu kiwe sawa au kimeshuka kidogo kuelekea kifuani, kamwe kisiinuke: kichwa kikienda nyuma, njia ya hewa inafunguka na maji yanateremka yenyewe. Kushusha kidevu huwasaidia wengi, si wote. Kama kunazidisha kikohozi, kichwa kiwe sawa tu.

Mkeka una tatizo lake. Aliyenyoosha miguu mkekani hujikunja kiunoni, kifua kinabanwa, kidevu kinainuka ili aone sinia. Akitaka kubaki mkekani na wenzake, mwegemeshe ukutani na umwekee mto mgumu chini ya makalio. Usimtenge peke yake chumbani kwa sababu anakohoa. Mzee aliyeondolewa kwenye sinia hula kidogo, na kukonda kunamaliza hiyo misuli iliyobaki. Sahani yake iwe yake, mahali pabaki palepale.

Kitanda cha kamba ni kibaya zaidi kwa sababu kinabonyea katikati. Mzee unayemwona "amekaa" kwa kweli amelala nusu. Weka ubao chini ya godoro, kisha mito mitatu au gunia lililojazwa nguo nyuma yake, kuanzia kiunoni. Mto mmoja chini ya kichwa hukunja shingo tu na kuacha kifua kimelala.

Na wewe unayelisha, kaa. Ukisimama, mzee atainua kichwa kukutazama, na kosa lote tulilolikwepa linarudi kwa mlango wa nyuma. Macho yako yawe usawa wa macho yake au chini kidogo.

Mwendo wa kulisha ni huu. Nusu kijiko cha chai kwa mara moja. Kiingie kutoka mbele na kukandamiza ulimi kidogo. Tazama kikoromeo, kikipanda na kushuka, amemeza. Mwambie, "Bibi, meza tena," bila kumpa kitu, ili mabaki ya kooni yapite. Kisha ndipo kijiko kingine. Usimsemeshe tonge likiwa mdomoni, maana heshima itamfanya akujibu. Baada ya kula abaki wima dakika 30. Ikiwa anachoka katikati ya mlo, gawanya: milo sita midogo badala ya mitatu, mkubwa uwe asubuhi akiwa na nguvu.

Msimu wa korosho, kati ya Oktoba na Desemba, wakubwa wako shambani na mzee analishwa na mjukuu wa darasa la tatu. Mtoto anaweza, ukimpa kanuni tatu tu: bibi akae wima, kijiko kisijae, usiongeze mpaka koo lipande. Asipewe kazi ya kumnywesha maji matupu mzee anayepaliwa.

Maji, chai na uji

Chupa iondoke. Kikombe chembamba nacho kiondoke, kwa sababu pua hugonga ukingo na kichwa kinalazimika kwenda nyuma. Tumia kikombe kipana, au chukua kikombe laini cha plastiki, kata upande mmoja umbo la mwezi mchanga ili pua ipite, sugua ukingo usikwaruze, anywee upande usiokatwa. Kikombe kijazwe vizuri badala ya kubaki robo. Kikiwa na kidogo lazima kiinuliwe sana.

Kama hata hivyo maji yanampalia, daktari anaweza kushauri vinywaji vizito kidogo. Unga maalumu wa kuzitisha maji ni adimu madukani kwetu, lakini uji, mtindi na juisi nzito ya ubuyu au papai vinafanya kazi hiyo. Madafu hayafanyi. Wengi huyaona mepesi na salama kwa mgonjwa. Kooni ni maji tu.

Uzito usikadirie kwa jicho. Nunua duka la dawa bomba la sindano la ml 10, bila sindano, na hakikisha kutoka alama ya 0 hadi ya 10 ni milimita 61.5, kwani yapo ya urefu tofauti na majibu yake hayalingani. Toa kisukumio, ziba tundu kwa kidole, jaza mpaka 10, ondoa kidole kwa sekunde 10, ziba tena, soma kilichobaki:

– chini ya ml 1: ni maji tu, hata kama yana rangi ya uji;
– ml 1 hadi 4: kizito kidogo sana;
– ml 4 hadi 8: kizito kiasi, kinanyweka kikombeni;
– zaidi ya 8: kizito, chafaa kijiko;
– hakikutoka hata tone: ni chakula cha kijiko, si kinywaji.

Kipimo hiki kinatumika katika nchi nyingi, na uzuri wake ni kwamba ukimwambia mtaalamu wa mbali "ilibaki 5" anajua unachosema.

Kwa kuanzia, unga wa mahindi vijiko 2 vya chakula kwenye nusu lita ya maji hutoa uji mwepesi. Vijiko 4 hutoa uji wa kijiko. Unga haufanani, wa muhogo huvuta zaidi, kwa hiyo pima kila unapobadilisha. Pima pia ukiwa kwenye joto lilelile atakalonywea, kwa sababu uji hukaza ukipoa. Halafu kuna mtego usiojulikana na wengi: mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga. Kijiko kikitoka mdomoni na kurudi bakulini mara kumi, uji ulioanza mzito unaishia maji, na mzee anapaliwa mwishoni mwa mlo huku kila mtu akishangaa. Mimina kidogo kidogo kwenye bakuli dogo, mengine yabaki sufuriani.

Vinywaji vizito vina gharama. Hubaki kooni zaidi, havina raha, na mzee hunywa kidogo. Kwa joto la Lindi mjini hilo linamkausha upesi: mkojo unakuwa wa rangi ya chai, anachanganyikiwa jioni, mdomo unanata. Lengo ni kama lita 1.5 kwa siku pamoja na uji na mchuzi, isipokuwa daktari wa moyo au figo amempangia kiwango kingine. Usimzitishie vinywaji mtu asiyepaliwa, eti kwa tahadhari.

Chai isinywewe ikiwa ya moto sana. Vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 vimehusishwa na saratani ya umio, na ukanda wetu wa Afrika Mashariki una mzigo mkubwa wa saratani hiyo. Ngoja dakika kadhaa, au ongeza maziwa baridi.

Chakula cha Kusini kwa koo la mzee

Ugali wa muhogo ni mtamu na ni mgumu kwa namna yake. Hauhitaji meno, ndiyo maana hupewa mzee asiye na meno, lakini unavutika na kunata. Tonge kubwa likikwama halivunjiki wala halitemeki. Kama anaupenda, upike laini, tonge liwe dogo kama kunde chache zilizoshikana, liloweshwe kwenye mchuzi wenye tui mpaka liteleze. Akiwa amekwishawahi kusakamwa nao, badilisha: ugali laini wa mahindi au mtama, au viazi vitamu vilivyopondwa na tui.

Kwa anayetafuna kidogo, vipande vya chakula visizidi sentimita 1.5, upana wa ukucha wa dole gumba, na viwe laini kiasi kwamba ukivikandamiza kwa uma mpaka ukucha wako ugeuke mweupe vinapondeka bila kurudi umbo lake. Kwa asiyetafuna kabisa, vipande vya milimita 4, sawa na nafasi kati ya meno ya uma wa kawaida, vikiwa vimelowa mchuzi mzito.

Samaki: chagua nguru, ambaye mfupa wake ni mkubwa na unaonekana, mchambue kwa vidole vyako mwenyewe kisha mponde na mchuzi. Vibua na dagaa wazima waache; dagaa wakavu watwange na kuwachekecha mpaka unga, kijiko kimoja cha chakula kwenye uji. Pweza na ngisi, hata wakichemshwa kutwa, bado wanavutika. Mbaazi ni nzuri sana, maganda yake ndiyo mabaya, hunata nyuma ya ulimi: zichemshe na magadi kidogo kama desturi, ponda, pitisha kwenye chujio. Ming'oko imenye, iponde na mchuzi ukiondoa nyuzi. Kisamvu kitwangwe sana, kiungwe kwa nazi mpaka kishikane. Majani makavu yaliyotawanyika hushika kooni.

Korosho nzima, karanga na kashata hazina nafasi. Lakini korosho iliyosagwa ni hazina, na vipande vilivyovunjika huuzwa nafuu kuliko nzima. Loweka saa nne, twanga au saga mpaka ulaini wa siagi, koroga kwenye uji. Gramu 30, konzi moja ndogo, zina kalori 165 hivi na protini gramu 5. Kijiko cha chakula cha mafuta ya kula kinaongeza kalori 120 bila kuongeza wingi wa chakula. Kwa mzee anayeshiba haraka hilo ndilo linalozuia kukonda.

Jihadhari na mchanganyiko wa maji na vipande: supu yenye nyama, andazi lililolowana chai, embe lenye juisi na nyuzi, bibo. Maji hutangulia kooni huku mdomo ukitafuna kilichobaki. Vitenganishe au vipondeponde viwe kitu kimoja.

Ramadhani, kwa mzee anayefunga, mdomo unakuwa mkavu wakati wa futari na tende hunata kwenye kaakaa. Mwanzishe na vijiko vichache vya uji mwepesi. Tende iloweke, itoe kokwa na ganda, iponde.

Mdomo usafishwe, hata kama hana jino

Mapafu hayaugui kwa sababu ya maji safi peke yake. Yanaugua zaidi kwa bakteria wa mdomoni wanaosafiri na maji na mate. Hii ndiyo kazi inayopuuzwa kuliko zote, na inapunguza nimonia kwa wazee. Mswaki laini asubuhi na usiku, ulimi pamoja. Mswaki wa mti unafaa kama ncha imelainishwa. Asiye na meno, futa ufizi, mashavu na ulimi kwa kitambaa safi kilicholowa na kukamuliwa. Afanyiwe akiwa wima, kichwa mbele, atemee bakulini. Meno bandia yatoke usiku, yasuguliwe, yalale kwenye maji safi. Yakilegea huwa yenyewe ni kitu cha kusakama. Usisahau kukagua mashavu baada ya kila mlo.

Dawa

Mdomo mkavu kwa wazee mara nyingi hutoka kwenye dawa kuliko kwenye umri: amitriptilini ya sonona na maumivu ya neva, klorofeniramini ya mafua na mwasho, dawa za kukojoa kama furosemaidi. Diazepamu, dawa ya kutuliza na ya usingizi, hulaza koo. Haloperidoli na klorpromazini, dawa za magonjwa ya akili, zinaweza kukakamaza misuli ya kumeza. Usizikatishe mwenyewe, peleka pakiti zote kwa daktari, hata za jirani alizopewa. Kaptoprili ya presha na dawa za kundi lake huleta kikohozi kikavu kisichofuata mlo, usikichanganye na kupaliwa.

Kidonge kizima kinapita vizuri ndani ya kijiko cha uji mzito kuliko kwa maji. Kabla ya kusaga, muulize mfamasia: nifedipini ya kuachia taratibu ikisagwa inaingia yote kwa mpigo na kushusha presha ghafla. Doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, na vidonge vya madini ya chuma vikikwama kwenye umio huuchoma. Humezwa wima, kwa maji ya kutosha, na mzee asilale kwa nusu saa. Asiyeweza kunywa maji, omba dawa nyingine au ya maji.

Mazoezi

Yanasaidia kwa wiki, si kwa siku. Ulimi ukandamize kaakaa kwa nguvu sekunde 5, mara 10, mara tatu kwa siku. Kumeza mate kwa kukaza kama anameza kitu kikubwa, mara 10. Taulo lililoviringishwa chini ya kidevu, alikandamize sekunde 10, mara 10. Mwenye maumivu ya shingo aache hili la mwisho. Endeleeni wiki sita kabla ya kuamua kama yanafaa. Zaidi ya hayo, kila hatua anayotembea na kila neno analosoma kwa sauti linatumikisha kifua kinachotoa kikohozi.

Akisakamwa

Akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe, ameinama mbele. Usimpe maji. Usimpe tonge la ugali "lisukume". Hilo la mwiba wa samaki pia: tonge linaweza kuuzamisha zaidi, na mwiba unaoendelea kuchoma unatolewa hospitali.

Sauti ikikata, hewa haiingii, mikono iko kooni: mwinamishe, piga kwa kisigino cha mkono kati ya mabega mara 5. Haikutoka, simama nyuma yake, ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta kwa ndani na juu mara 5. Endelea kubadilishana. Akizimia, mlaze chini, ita msaada, kandamiza katikati ya kifua mara 30, tazama mdomoni, toa tu unachokiona, mpulizie pumzi mdomoni mara 2, rudia. Usichokoe kwa kidole kitu usichokiona. Hata akipona palepale, apelekwe akaonwe, kwani mivuto ya tumbo huweza kuumiza ndani na kipande kinaweza kuwa kimebaki.

Lini na wapi

Siku hiyohiyo: mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno yamepotea, au kumeza kumeharibika ghafla, pia kutapika damu, kupumua kwa shida au homa baada ya kupaliwa. Wiki hiyohiyo: chakula kigumu kinakwama kifuani na sasa hata uji unaanza kukwama. Mpangilio huo, kigumu kwanza halafu laini, unaelekeza kwenye umio, na kusubiri kunapoteza nafasi ya matibabu. Vivyo hivyo uvimbe shingoni au sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu.

Anzia zahanati au kituo cha afya kwa rufaa, kisha hospitali ya Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi, Ndanda au Nyangao kwa walio karibu na Masasi na njia ya Lindi, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara. Wataalamu wa kumeza ni wachache nchini, kwa hiyo ulizia daktari wa masikio, pua na koo, na mtaalamu wa fiziotherapia. Mkiambiwa kipimo cha kamera, muulize inaangalia koo au umio, maana ni vitu viwili.

Nenda na daftari la siku saba: alichokula, uzito wa kinywaji kwa bomba, dakika za mlo, mara ngapi alikohoa na kwa kitu gani, joto la mwili jioni, kilo zake. Chukua na video ya simu ya dakika mbili akila, kwa ubavu, kikoromeo kikionekana. Kliniki mzee hujikaza na kumeza vizuri mbele ya mgeni.